Mkeka Alionyimwa Pesamino Leavasa

Mchungaji, wakuu wa koo, mama zetu, na ninyi nyote mliokuja kukaa nasi chini tangu alfajiri, ukoo umenituma niwasomee maisha ya babu yetu, Mzee Pesamino Leavasa, na nimeagizwa yawe mafupi na mazuri, mafupi nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 hapa Falefa, mtoto wa tano wa Mzee Leavasa na Mama Ailini, akabatizwa katika kanisa hili hili, na kabla hajajua kusoma alijua kufua nazi, na kwenye kifuo ndiko alikogundua jambo lililokuja kumpa jina kisiwa kizima, kwamba anayekandamiza nazi kwa mikono huishia kuumia kiganja, bali anayeanzia kisiginoni, akazungusha nyonga, na kuuacha mkono ufike mwisho kama mgeni, kumbi humpasukia lenyewe.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1957, akasoma sekondari Apia hadi 1967, akarudi shambani kumsaidia baba yake, na mwaka 1972 akaenda Auckland kufanya kazi machinjioni, ambako jioni alijifunza ngumi katika ukumbi wa nyuma ya kanisa la wenzetu, na huko huko, tarehe 11 Desemba 1976, alifunga ndoa na Bi Oliana, wakajaliwa watoto watatu, Mele, Kaleopa na Rosa, kisha mwaka 1984 familia ikarejea nyumbani, naye akaligeuza banda la mbata kuwa chumba cha mazoezi.

Waliopitia banda lile wanakumbuka alivyowapanga vijana pekupeku mchangani, akawazuia hata kukunja ngumi hadi kisigino cha nyuma kijue kugeuka, na aliyerusha mikono kuwafurahisha wasichana wa dirishani aliulizwa mbele ya wote, "Wewe, unapigana au unafukuza nzi?", akifuatiwa na ile kauli yake, "Mkono ni tarishi tu, barua imeandikwa chini," na ulingoni, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kauli ndefu, alipaza neno moja, "Kisigino!", na kijana wake aliyelisikia aliweka uzito wote wa mwili nyuma ya pigo.

Ndugu waombolezaji, hatua inayofuata ndiyo niliyoshauriwa niiruke, na siiruki.

Jumamosi tarehe 31 Mei 2003, katika sherehe za uhuru, Kaleopa, mwana wa marehemu, alipambana na Ierome Tauvela wa Solosolo, na katika raundi ya tatu miguu ya Ierome ilikufa kabla ya mikono yake, jambo ambalo umati haukuliona, refa hakuliona, na Kaleopa hakuliona, lakini marehemu, ambaye maisha yake yote alisoma miguu, aliliona waziwazi, na badala ya kuomba pambano lisimamishwe alipaza sauti, "Kisigino!", na Kaleopa, mtoto mtiifu, akatii, na Ierome akaanguka, na tangu siku ile upande wake wa kulia haujaamka.

Sheria haikuona kosa, kijiji hakikuona kosa, tena kilipiga ngoma hadi jioni, lakini marehemu alimwendea kaka yake Tuiavale, mkuu wa ukoo wetu, akaomba mkeka mmoja mwororo wa heshima aende kufanya ifoga, toba yetu ya kimila, ajifunike na kupiga magoti mbele ya nyumba ya Ierome hadi wenye nyumba watoke na kuuinua, naye akajibiwa mbele ya baraza, "Pesamino, glavu zilivaliwa, refa alikuwepo, kengele ililia, sasa tukipiga magoti leo, si kesho kila timu iliyofungwa raga itatudai mkeka?", na baraza likacheka, na kicheko kile ni chetu.

"Refa hakuona," marehemu alisema, "mimi niliona."

"Basi kaa kimya na ulichoona, usituaibishe."

Hakukaa kimya, na kwa kuwa mikeka yote ilikuwa ya ukoo na ukoo ulikuwa umeikalia, alilifungua turubai la sakafu ya ulingo, Bi Oliana akalifua na kulianika, na alfajiri ya Jumatatu iliyofuata akapiga magoti peke yake huko Solosolo, amejifunika turubai lile, hadi jua likawa kali, ndipo mama yake Ierome, Mama Sinaumea, alipotoka, akasimama, akatazama doa lililokuwa limeishinda sabuni.

"Pesamino," alisema, "hicho ulichojifunika si ndicho alichoangukia mwanangu?"

Marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa amewaza hilo, alikuwa amewaza tu kwamba mtu haendi kuomba msamaha akiwa wazi.

"Kikunje uende nacho, wala usinirudishie hapa."

Akakikunja, akarudi nacho begani kwa miguu, na njiani vijana wakambatiza Mzee Turubai, jina ambalo sisi wajukuu tulilikuta na kuliimba mchezoni, naye akatuitikia kila mara, "Naam."

Banda halikufungwa, ila tangu hapo somo la kwanza likawa kutazama miguu ya mwenzako na kujua wakati wa kushusha mikono, vijana wake wakashindwa sana, watu wakasema anafundisha huruma wakati wa ngumi, na Kaleopa akahamia Auckland asivae glavu tena.

Mwaka 2019 madaktari waligundua figo zake zimechoka kwa kisukari, akatibiwa Apia kwa uvumilivu, na siku za mwisho Bi Oliana alipomuuliza anatamani nini, akidhani atataja supu ya samaki, alisema, "Mkeka, Oli, mmoja tu," na Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, asubuhi, akafariki dunia.

Sasa tazameni hapa mbele, ndugu zangu, mikeka imerundikwa hadi inaziba madirisha, kila tawi la ukoo limeleta mwororo kuliko wa jirani, tukiheshimiana kwa makofi na hotuba juu ya mtu ambaye akiwa hai tulimnyima mmoja, na kama kuna asiyeona aibu katika rundo hili, mimi naona yake na yangu.

Jana asubuhi Kaleopa alimwendea Mzee Tuiavale akaomba kile kile alichoomba baba yake, na mzee, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akasema, "Chukua ule mkubwa, unatosha watu wawili."

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri Kaleopa na mzee mwenyewe wataelekea Solosolo, na mwenye magoti katika ukoo huu anajua njia, na tukiachwa juani hadi jioni tusilalamike, kwa maana hatudai chochote pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Apia waliomhudumia, majirani waliopika na kuchimba, waliokuwa vijana wa banda waliobeba jeneza, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kutoka Auckland, na inamshukuru Bi Oliana, aliyefua turubai lile bila kuuliza.

Pumzika, Mzee Pesamino, kwa amani ile tuliyokunyima.