Bakteria Kwenye Chupa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu aliketi mama aliyepakata chupa iliyofungwa kitambaa kilicholowa maji. Kila jua lilipoingia dirishani, aliihamishia kivulini.

"Dawa ya mgonjwa, binti yangu?" mzee wa pembeni akamwuliza.

"Ni bakteria wa shambani, baba. Mtaalamu anasema fosforasi tunayo, ila imenaswa kwenye udongo na mizizi haiipati. Hawa ndio wanaoiachilia. Tatizo ni joto, linawaua."

"Sasa utajuaje kama wako hai?"

Mama akakaza kitambaa kwenye chupa. Nilitamani mzee anyamaze, lakini wazee wa treni hawana breki.

"Kwani mbolea ya dukani ina nini?"

"Msimu huu sikuweka. Nikamshawishi na wifi yangu asiweke. Sasa mahindi yake yamedumaa, majani yamegeuka zambarau kwa kukosa hiyo fosforasi."

"Basi hapo umepakata mashamba mawili," mzee alisema, kama vile mama hajui.

Treni ikasimama. Wifi mtu alikuwa anasubiri hapo nje na ndoo ya kumwagilia.

"Wazima?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Mama aliitazama chupa, kisha akamtazama wifi yake. "Wazima," akasema.