Ghafla au Sugu

Sogeeni, wanangu, na wewe Anis uzime hiyo simu. Daktari anaweza kuchelewa kwa wagonjwa wote wa mji huu wa Sfax, lakini baba hufa mara moja tu. Naziha, mama, niinulie mto. Nisikilizeni kabla kwikwi hii haijaninyang'anya ulimi, maana uchafu wa damu umeshanipanda kichwani, na mimi niliyeongoza wadi hii ya figo mpaka mvi zikaniota masikioni sihitaji kuambiwa safari inaishia wapi.

Nilikuja hapa nachechemea kwa goti, lakini mkojo ukitoka kama wa fahali. Mwanangu mwenyewe, daktari bingwa, mboni ya jicho la marehemu mama yake, akanidunga sindano za maumivu asubuhi na jioni, juu ya vidonge vyangu vya presha na vile vya kukojoza, mchanganyiko ambao mwanafunzi akiupendekeza kwenye mtihani hurudishwa kwao. Mkojo ukakauka. Ndipo akakumbuka kunipima damu, akaikuta kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huichuja, iko juu, akapima tena, akaikuta juu palepale, akaandika kwenye faili: maradhi sugu ya figo. Sugu! Mtu ukimpima akishazama, utasema siku zote aliishi chini ya maji. Nikamwambia, "Anis, mwezi wa Rajabu nilipimwa kabla ya kwenda Umra, damu yangu ilikuwa safi kuliko dhamiri yako, na majibu dada yako anayo." Akanipapasa bega kama mnunuzi anavyompapasa punda: "Baba, figo za mzee ni soli za kiatu, huisha polepole. Usijisumbue."

Wote wawili mnajua kwa nini analing'ang'ania neno hilo. Sugu halina mwenyewe. Ni umri, ni kudra, ni chumvi ya harisa, ile pilipili ya kusaga ya mama yenu. Ghafla lina mwenyewe. Ukiandika jeraha la ghafla la figo, kamati ya hospitali huuliza: limetoka wapi, kwa dawa gani, mkono wa nani? Tena mashine za kusafisha damu ni chache, na kanuni iliyobandikwa pale ukutani, niliyoitunga mimi na kuigongea mihuri mpaka karani akaugua kiwiko, yasema wa ghafla atangulie, kwa kuwa figo zake zaweza kuamka; wa sugu angoje zamu. Basi nangoja zamu. Mwanangu hajaniua, wallahi. Amenipanga foleni tu.

Naziha, usilie, utalowesha shuka na wadi haina nyingine. Wewe ndiye unayegeuza maneno ya madaktari kuwa namba kule kwenye kumbukumbu, na jana ulinijibu kwa haki: "Baba, siwezi kuweka namba ya ugonjwa ambao daktari hakuuandika, hata mkojo wako ukiniapia." Vema, binti yangu. Lakini kuuliza unaruhusiwa. Muulize sasa hivi, mbele yangu, kwa utaratibu wenu, bila kumtilia neno mdomoni: Daktari, kreatinini ya mwezi wa Rajabu ilikuwa ya kawaida, ya leo imepanda maradufu na kupita, hali hii waiitaje?

Umemsikia dada yako, Anis. Kalamu hiyo hapo. Neno moja tu, nami nitasukumwa kwenye mashine kabla ya adhuhuri.

Unatazama dirisha.

"Baba, tutayazungumza ukipata nafuu." Ahsante, hiyo nayo ni tiba. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umelichuma, ukanipakulia nile peke yangu.

Haya, tugawane. Nyumba na mizeituni Mungu amekwisha kuvigawa, na fungu lako, Anis, ni mara mbili ya la dada yako. Ningeruhusiwa kukata ningekata mpaka mfupani, ila sikuombwa ushauri. Theluthi ya wasia ndiyo yangu. Mjomba wenu Munji aliuze lile jengo langu la kliniki ulilokwisha kulitundika jina lako mlangoni nami ningali napumua, anunue mashine ya kusafisha damu, iwekwe wadi hii hii, kando ya kitanda unachoanzia mzunguko wako kila siku. Ipigiliwe kibao cha shaba: Sadaka ya Shadli Kammun, aliyekufa kwa... na hapo paachwe wazi. Asipajaze Munji, asipajaze Naziha. Apajaze daktari aliyenitibu, siku atakayolipata neno.

Mnizike karibu na mama yenu... si karibu sana, alikuwa akikoroma. Naziha, Mungu akupe watoto... wanaojibu wakiulizwa. Na wewe, mwanangu... lete mkono. Baridi hivyo? Ama ni wangu... Mungu akupe umri, Anis, mrefu kuliko huu wangu... na macho yasiyofifia... upite pale kila asubuhi, na wanafunzi wako nyuma... uwasomee kibao... chote, kwa sauti... mpaka pale...