Enora Madec, Aliyekimbia Mbele kwa Miaka Kumi na Moja

Jumapili ijayo, tarehe 14 Septemba 2025, saa tisa alasiri, Enora Madec atashuka kwenye baiskeli ya mashindano na hataipanda tena kwa jina la klabu yetu ya Kerbrizec. Ametutumikia miaka ishirini na miwili. Ametuletea ubingwa wa Ufaransa mara saba katika mbio fupi za uwanjani, nishani ya fedha ya dunia, na vikombe vingi hivi kwamba Bwana Prigent, mwenyekiti wetu, amelazimika kuvipanga hadi kwenye dirisha la choo.

Mwenyekiti aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa fundi wa klabu tangu 1971 mpaka magoti yalipogoma, na pia kwa sababu, kama alivyoniambia, "Wewe ndiye uliyempokea getini, na bado uko hai." Alisema kwa nia njema. Daktari anadhani mapafu yangu hayatafika Noeli, kwa hiyo Prigent alikuwa na haraka. Nami pia.

Enora alikuja kwetu Septemba 2003, akiwa na miaka kumi na minne, juu ya baiskeli ya mama yake ya kwendea sokoni. Kikapu cha mbele kilikuwa na vitunguu. Nilimpa baiskeli ya klabu. Akaigeuza juu chini, akaikagua kama mtu anayetaka kuinunua.

"Breki ziko wapi, bwana?"

"Hazipo."

"Sasa nitasimamaje?"

"Utapunguza kwa miguu. Ikishindikana, utazunguka mpaka uolewe."

Alizunguka mpaka mama yake akaja kudai vitunguu vyake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya furaha tupu. Alipofikisha umri aliajiriwa posta: asubuhi alisambaza barua vijijini kwa gari, mchana alifanya mazoezi. Mkuu wake alimpa baiskeli ya kazi, akaikataa: "Hiyo ina breki, itaniharibia miguu." Wenzake wa posta wanamtania kwa maneno hayo hadi leo.

Wasomaji wetu wanajua kwamba katika mbio hizi hukimbia watu wawili tu, na hakuna anayetaka kutangulia mapema, maana wa nyuma hujificha upepo. Siku moja kule Rennes, Enora alisimama tuli juu ya baiskeli, miguu kwenye pedali, akimngoja mpinzani wake atangulie. Watazamaji waliondoka kwenda kununua soseji zilizoviringishwa katika chapati, wakarudi, wakamkuta palepale. Mwishowe yule mwingine alichoka akaanguka ubavu kama kabati. Nilimuuliza alikuwa anawaza nini muda wote ule. "Soseji," akasema. "Harufu ilinifikia, na wewe hukuniletea."

Alipotwaa ubingwa wa kwanza, mwaka 2011 kule Hyères, alishinda kwa namna yake mwenyewe. Alikaa nyuma, akapanda ukuta wa uwanja, yaani njia iliyoinama kwenye kona, mpaka juu kabisa kando ya uzio, akangoja, kisha akashuka. Nimetazama mbio hizi tangu ujana wangu, na sijaona mtu aliyeshuka vile. Mwili wote ulikuwa unacheka.

Hapa Prigent aliniagiza niweke aya moja kuhusu mtindo wake wa sasa. Tangu mwaka 2014 Enora hashuki tena. Hutangulia tangu mwanzo, hukaa chini kwenye mstari wa ndani, na humvuta mpinzani mpaka mwisho bila kumkaribia. Wasichana wetu wanauita kukimbia kwa Kimadec. Mwenyekiti anataka uandikwe ukutani, ufundishwe. Nimeijaribu aya hiyo mara nne, na kila mara nimeichana, kwa sababu najua mtindo huo ulikotoka.

Mwaka 2014 Enora alifika fainali ya ubingwa wa Ufaransa dhidi ya Clothilde Vasseur wa Beauvais. Kila mmoja alishinda raundi moja. Kabla ya raundi ya tatu, tairi la nyuma la Enora lilipata pancha. Tairi zetu hazikai kwenye ringi ila kwa gundi. Gundi hupakwa mara tatu, kila safu ikauke, kisha gurudumu hulala siku nzima kabla ya mtu kulipanda. Kila fundi wa uwanjani anajua hivyo, hata aliyelewa. Nilikuwa na gurudumu la akiba, zito, tairi lake likiwa limegundishwa wiki mbili nyuma. Sikulitaka. Nilitaka lile jepesi lililopata pancha, kwa sababu nilitaka ubingwa, na kwa sababu kwa miaka arobaini na mitatu hakuna tairi langu lililowahi kutoka. Nikaligundishia tairi jipya kwa dakika arobaini.

Enora alilibonyeza kwa dole gumba. "Limeshika, mzee?"

"Limeshika. Panda."

Katika kona ya mwisho alishuka kutoka juu. Tairi likatoka kwenye ringi. Gurudumu likateleza, naye akamwangukia Clothilde, wakabingirika wote wawili mpaka chini. Nilikuwa wa kwanza kufika. Niliona tairi limetoka nusu na gundi bado ni mbichi. Kabla mwamuzi hajainama, nilikuwa nimelirudisha kwa vidole na kuiondoa baiskeli.

Waamuzi waliamua kwamba Enora alimkata mwenzake, yaani alimzibia njia, kwa makusudi au kwa uzembe. Alifutwa kwenye fainali, akaachwa nje ya timu ya taifa kwa miaka miwili, na magazeti yakampa jina ambalo sitalirudia. Clothilde alivunjika nyonga, hakushindana tena. Katika chumba cha matibabu, Enora akiwa amefungwa mtulinga, aliniuliza swali moja.

"Nilimkata, mzee?"

Nikajibu, "Mambo hayo hutokea."

Huo ndio uongo wangu. Una maneno matatu, na nimeuishi miaka kumi na moja. Enora hakumkata mtu. Aliamini kwamba alimkata kwa sababu mimi, aliyeniamini kuliko waamuzi, nilimwachia aamini. Kila Noeli alimwandikia Clothilde kadi ya kuomba radhi. Na hakushuka tena kutoka juu, asije akavunja mwingine. Ushindi wote ambao mmeupigia makofi tangu hapo, ubingwa mara tano na fedha ya dunia, aliupata huku akiwa ameiacha nyumbani silaha yake kubwa kuliko zote. Msiuandike ukutani mtindo huo. Kisifuni kifua kilichoweza kushinda nao.

Tangu nianze kuugua, Enora huniletea supu kila Alhamisi. Huosha bakuli, huninyoa, hunisimulia mambo ya posta. Nilikunywa supu hiyo miezi saba kabla sijapata ujasiri. Sikutaka asome habari hii kwenye karatasi, kwa hiyo nilimwambia uso kwa uso, tarehe 21 Agosti.

Aliliweka bakuli mezani. Kisha akauliza, "Tairi la nyuma?"

"La nyuma."

"Miaka kumi na moja, Hervé."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Akachukua koti lake akaondoka, bakuli likiwa mezani. Sikumtarajia tena.

Alhamisi iliyofuata alifungua mlango, akaweka sufuria juu ya jiko, akasimama akinipa mgongo.

"Nimempigia Clothilde," akasema.

"Amesemaje?"

"Amekutukana. Hilo ni lako, nimekufikishia. Halafu akaniuliza kama kadi zote zile zilikuwa za bure. Nikamwambia labda. Akasema nisithubutu kuacha kumtumia." Akakoroga supu. "Atakuja Jumapili. Anatembea na fimbo, mtafutieni kiti cha mbele."

Nilimwambia nataka kuiandika habari yote katika wasifu wake, ila akikataa nitaichoma.

"Andika. Lakini Hyères uiandike pia, na soseji. Usijifanye wewe ndiye habari yote."

"Na mimi je, binti? Umenisamehe?"

"Kunywa supu, inapoa," akasema. Alipoosha bakuli aliniambia ukweli: "Sijui bado. Nitakuja Alhamisi."

Hajakosa Alhamisi hata moja tangu siku hiyo. Sikumuuliza tena, wala sitamuuliza.

Kwa hiyo namshukuru kwa niaba ya klabu kwa vikombe, kwa wasichana thelathini aliowafundisha kupanda ukuta bila hofu, na kwa kubaki Kerbrizec pale vilabu vikubwa vilipompigia simu. Kwa niaba yangu namshukuru kwa kuendelea kuja. Nawaomba waamuzi wa 2014 walio hai waisome karatasi hii na warekebishe walichoandika. Nimewatumia nakala iliyotiwa sahihi, nikiwa na akili timamu.

Jumapili, kama ilivyo desturi yetu, mstaafu atakimbia raundi moja ya kuaga na mpinzani atakayemchagua mwenyewe. Enora, usitangulie. Kaa nyuma, panda mpaka kwenye uzio, ngoja kadiri upendavyo, hata kama watu watakwenda kununua chakula. Kisha ushuke. Tairi zako amezigundisha fundi mpya, nimemuuliza, na zimelala siku mbili nzima. Mimi sikuzigusa.

Uwe na afya, usingizi mzuri, na barabara ndefu zisizo na mshindani. Clothilde na mimi tutakuwa mstari wa mbele, yeye na fimbo yake, mimi na chupa yangu ya hewa.

Hervé Lozach, fundi mstaafu