Kudura Akatazwa Ziwa

Kudura alirudi kijiweni Mwigobero, kando ya ziwa, akitokea hospitali, akajishusha kwenye benchi taratibu, mkono mmoja ukishikilia ubavu. Tumbo lilikuwa limevimba hata vifungo vya shati havikutani. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kusukuma mitumbwi na kushusha magunia ya dagaa, maji yakimfika kiunoni. Juma lililopita alitapika damu. Mzee Pazi, muuza kahawa, akammiminia kikombe kabla hajaagiza. Faustine, fundi baiskeli waliyembatiza Profesa kwa ubishi wake, akamsogelea. Burito mbeba mizigo, ambaye pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, anaitwa Winchi, akaacha kutafuna kashata.

— Wamesemaje? Mzee Pazi akauliza.

— Kichocho. Cha miaka mingi. Kimeshakula ini.

— Si walikupaga dawa?

— Walinipaga, tena mara nyingi. Nameza leo, kesho niko majini.

Winchi akapiga benchi kofi.

— Nilisemaga mimi! Hiyo ni damu. Kuna watu damu yao tamu, wadudu wanaifuata.

— Na Muzamil je? Kudura akasema. Si damu moja na mimi?

Winchi akarudia kashata yake. Muzamil ni kaka yake Kudura, baba mmoja mama mmoja. Mjomba wao alimchukua angali mtoto, akamsomesha Bunda. Leo ni karani, anakaa mtaa wa Mwisenge, na bomba liko ndani ya nyumba. Ndiye mkubwa kwa Kudura. Lakini juzi wodini nesi alimwuliza Muzamil, "Huyu mzee ni baba yako?" Kudura alisikia. Akafumba macho, akajifanya amelala.

— Basi ni kulala, Profesa akadakia. Watu wenye nafasi wanalalaga chali. Sie tunalala tumekunjana chumba kimoja, ini linabanwa.

— Aa, Profesa! Mzee Pazi akaguna.

— Chunguza! Na hewa pia. Wao wanapata hewa mpya. Ya huku imeshapita kwenye mapafu ya watu wote, ndo inatufikia.

— Mi nasema ziwa linajua vyeo, Winchi akasema. Mtu wa ofisini akija kuogelea Jumapili, konokono wenye wadudu wanampisha. "Karibu, bosi!"

Wakacheka. Kudura naye akacheka, maumivu yakamkata, akainama mpaka kahawa ikamwagika. Kicheko kikafa.

— Tafuta kazi ya nchi kavu, mwanangu, Mzee Pazi akasema kwa upole.

— Kazi gani, mzee?

— Hata ulinzi.

— Na tumbo hili, mwizi nimkimbizeje?

 Kudura akatazama vidole vyake.

— Daktari kasema ini halirudi tena. Nikiendelea, nitatapika damu siku moja isikatike. Mi nishazoea kuumwa, jamani. Ninaowaogopea ni wale watoto.

Mkewe, Bhoke, alikuwa amewapeleka kupimwa asubuhi ileile. Hata kabla Kudura hajamaliza kusema, akamwona anakuja kutoka nyumbani, ndoo tupu mkononi.

— Shikamoo, Mzee Pazi. Shemeji zangu, habari za hapa?

— Marahaba, mama.

Kudura hakungoja salamu yake.

— Mama Ikhlas, wamekutwa nacho?

— Wote. Hata yule anayenyonya.

Mzee Pazi akaweka birika chini.

— Wamepewa dawa, Bhoke akaendelea. Wakasema kuanzia leo tusiguse maji ya ziwa. Tusioge, tusifue, tusiingie kuchota. Nikawaambia kwetu bomba halijafika. Wakaita mgonjwa mwingine.

Akawatazama mmoja mmoja: mumewe, Profesa, Winchi, mzee.

— Sasa nyie mnaokaaga hapa kutwa mnazungumza, nielekezeni. Nikachote wapi?

 Winchi akakuna goti. Kudura alitaka kusema neno lolote, hata la uongo, asilipate.

 Bhoke akageuka, akateremka mwaloni. Kudura alimwona akikunja kitenge mpaka juu ya magoti, akaingia majini.