Nthiwa Kyule, Aliyetengeneza Spana Isiyouzwa Popote

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Tulia, na ndugu zetu mliotoka Mwingi na Makindu, tunawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Ndunge, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, ambayo tuliyaandika pamoja na mama siku ya Alhamisi, kwa hivyo mkisikia tarehe imekosewa, kosa ni langu, mama alizitaja zote bila kusita.

Marehemu baba yetu, Nthiwa Kyule, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 hapa Tulia, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kyule na mama Ndunge, ambaye mimi nilipewa jina lake. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1967, akamaliza darasa la saba, na mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu hupima hata vitu ambavyo hajaambiwa apime.

Mnamo Januari 1971 alienda Makindu, akaajiriwa kwenye gereji ya Bwana Ujagar kando ya barabara ya Mombasa, na huko akajifunza pikipiki za zamani za Kiingereza, zile ambazo giaboksi yake hukaa peke yake nyuma ya injini. Wiki ya kwanza Bwana Ujagar alimkuta akigonga nati kwa tindo, akamnyang'anya nyundo, akamwambia, “Nthiwa, nyundo ni ya mtu aliyekata tamaa, tengeneza spana kwanza.” Maneno hayo baba alituambia mara nyingi mpaka tukawa tunayamalizia sisi. Alifanya kazi huko miaka kumi na minane, na Bwana Ujagar alipostaafu, baba alirudi nyumbani akafungua gereji yake mwenyewe tarehe 3 Aprili 1989.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu Mwongeli, msichana wa Nuu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Kyule, mimi Ndunge, Mutisya na Nzilani, pamoja na wajukuu tisa.

Sasa mtanivumilia nikae kidogo kwa jambo moja, kwa sababu baba mwenyewe angelikaa hapo zaidi yangu.

Mwezi wa Februari 2023 dada Filsan, mfanyabiashara wa Mwingi, alifika gereji na pikipiki ya marehemu baba yake, mzee Abdinoor, ambaye aliiendesha miaka mingi akinunua mbuzi huko Nuu. Ilikuwa imekwama kwenye gia ya pili kwa miaka ishirini, mafundi watatu walikuwa wameshindwa, mmoja akaivunja kidogo, na kaka yake Filsan, Abdijabar, alikuwa ameamua iuzwe kama chuma chakavu. Filsan alimwambia baba, “Mzee, hii ndiyo ilitulea. Ukishindwa niambie tu, lakini usigonge.” Baba akamjibu, “Sitagonga. Nipe muda.”

Shida ilikuwa nati moja ya mviringo, imezama ndani, ina mapengo manne membamba, na spana yake iliacha kutengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Baba alipiga simu Nairobi na Mombasa, akakosa, basi akachukua kipande cha sabuni, akakisukuma ndani ya nati, kikatoka na umbo lake, akapima kutoka hapo. Spana ya kwanza aliichonga kwa bomba la maji, meno yake yakapinda. Ya pili aliitoa kwenye spring ya lori, akaipasha moto kupita kiasi, ikapasuka kama sahani, na siku hiyo alifunga gereji mchana, akaja nyumbani.

Kabla hajaanza ya tatu, tarehe 9 Agosti 2023, madaktari walimweleza kwamba ana saratani ya koo, akaanza matibabu Nairobi, akawa anaenda na kurudi, amekonda, hawezi kumeza ugali. Sisi watoto tulimwomba amrudishie Filsan pikipiki yake, naye akasema, “Koo ndilo linaugua, mikono haijaambiwa kitu.” Alipata ekseli ya lori kutoka Makindu, akaipeleka Wote ikakerezwe, kisha akayachonga yale meno manne kwa tupa, kidogo kidogo, akiwa ameketi, kwa miezi saba.

Tarehe 25 Mei 2024 spana iliingia kwenye nati bila kuyumba, lakini baba hakuwa na nguvu ya kuvuta, akamwita mama. Mama akauliza, “Nivute upande gani?” Akamwambia, “Sukuma mbali na wewe, hii hufunguka kinyume.” Mama yetu, ambaye hakuwahi kushika spana, alisukuma kwa uzito wake wote, na ile nati ikafunguka. Ndani ubovu ulikuwa uma mmoja tu wa gia, ule unaosogeza gia, uliopinda.

Jumamosi tarehe 22 Juni pikipiki iliwaka, na aliyeiendesha mpaka Mwingi ni Abdijabar mwenyewe, yule aliyetaka iuzwe, sisi tukimfuata na baba kwa gari. Mama wa Filsan na Abdijabar, Kinsi, akiwa na miaka themanini na nne, alikuwa ameketi mlangoni, akamsikiliza mwanawe mpaka akazima injini, kisha akamwambia, “Baba yako alikuwa anachelewesha gia ya tatu, na wewe hivyo hivyo.” Baba alicheka mpaka tukamshika, na sijawahi kumwona mtu mgonjwa mwenye furaha namna hiyo.

Habari zilienea, zikaletwa pikipiki nyingine kutoka Nuu, Wote na Makindu, na katika miezi minane iliyofuata baba alitengeneza vifaa kumi na tisa, kila kimoja amekiandika ni cha pikipiki gani na kinazungushwa upande gani. Alitutoka Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mama akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitui na Nairobi, majirani mliotuchotea maji siku hizi zote, kanisa letu, mafundi wenzake, na familia ya mzee Abdinoor mliokuja jana mkalala nasi.

Familia imekubaliana kwamba vifaa hivyo havitauzwa, vitakaa gereji, ufunguo uko kwa mama, na fundi yeyote aliyekwama aje kuanzia Jumatatu.

Baba, kazi zote ulizopokea umezimaliza. Pumzika kwa amani.