Ndoo Iliyokuwa Nyuma ya Mlango

— Samadi ya kuku ndiyo mwisho wa maneno!

— Mwisho wa miche, sema! Umeiunguza, Kinyozi!

Hao walikuwa Kinyozi na Fundi Viatu, kwenye benchi la kahawa la mama, mbele ya mlango wetu. Kati yao zilikaa ndoo zangu mbili za nyanya, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Tangu nitoke shule, nyanya ndiyo kazi yangu. Mama alishasema zikifa, nitaenda kwa shangazi kulea watoto wake. Na shangazi alikuwa njiani.

— Nani alikutuma uweke samadi mbichi? nikamuuliza Kinyozi.

— Nilikuwa nakuokoa, binti. Huyu anakupotosha na majivu yake.

— Majivu niliweka kidogo, Fundi akasema. Viganja viwili.

— Mara moja? nikamuuliza.

— Kila jioni.

Mama akaguna, akaendelea kumimina kahawa.

— Kosa ni udongo, Fundi akasema. Panda kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa. Mimi nikiyapata, nyanya naiotesha hata ndani ya kiatu.

— Viatu vya wateja wako vyote vimetoboka!

— Ndiyo maji yapite!

— Nywele! Kinyozi akasimama kabisa. Jana nimemnyoa mwalimu mkuu. Fukia nywele zile, nyanya itatoka na akili.

— Zako usifukie, tutavuna ujinga.

Shangazi akafika, mkoba begani. Akazitazama ndoo, akatikisa kichwa. Kisha akachungulia nyuma ya mlango, kwenye ndoo ya tatu. Miche yake ilikuwa imesimama, kijani hasa.

— Na hii mliiwekea nini?

Kinyozi akamtazama Fundi. Fundi akatazama ndani ya kikombe. Hawakujua hata kama ipo.

— Mboji yangu, nikasema. Maganda ya jikoni, nimeyaozesha mpaka yakanukia udongo. Nikachanganya na mchanga. Basi.

— Haya, kafungashe nguo, mwanangu, shangazi akasema, lakini jicho lake lilikuwa bado kwenye miche.

Nikaikumbatia ndoo, nikasimama mlangoni.

— Karibu kahawa, shangazi. Mimi siendi. Leo napanda upya, na atakayetia kitu kwenye ndoo zangu, iwe samadi, majivu au nywele za mwalimu mkuu, atakila mwenyewe.