Kompyuta ya Hasnain Haijasoma

Kijiwe chetu cha Ngokolo ni benchi moja refu mbele ya duka la vifaa vya shule la Hasnain, hapa Shinyanga mjini. Nauza kahawa hapo, mwanangu mgongoni, tangu mwaka huu wa 1998 uanze. Wa kudumu ni wawili: Donatus, tunayemwita Karasha kwa sababu alisaga mawe ya dhahabu Geita mpaka masikio yakachoka, na Ignas fundi redio, tunayemwita Waya. Asubuhi ile alikuja Mama Violeth kutoka kijijini, disketi ameifunga kwenye pindo la khanga. Binti yake amehitimu masomo ya kompyuta Dar es Salaam, na picha ya mahafali imo humo. Miaka miwili hajamwona. Lori la kurudi kijijini linaondoka saa sita.

Hasnain aliitia disketi kwenye kompyuta, akabonyeza, akakuna kichwa, akamrudishia.

— Samahani, mama. Kompyuta haijasoma hii picha.

— Hata mimi sijasoma, baba. Lakini mwanangu nitamjua tu.

Tukacheka, naye akacheka. Hasnain akatoa kiti chake mwenyewe, akakifuta, akamkaribisha.

— Kwani inasemaje? — akauliza Waya.

— Inasema aina ya faili haitambuliki.

— Basi haijasafishwa! Picha yoyote lazima isafishwe. Studio si wanaichovya kwenye dawa?

— Hapo umenena, — Karasha akadakia. — Hata dhahabu huioni mpaka uoshe. Mayu, mama yangu, nipe hiyo disketi. Dada, sogeza maji.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ndoo yangu ya kuoshea vikombe. Nikaivuta nyuma yangu.

— Maji! — Hasnain akapiga kelele toka ndani. — Mkiilowesha, Violeth mmemfuta!

Mama Violeth akaificha disketi kifuani haraka.

— Basi imelala kichwa chini, — akasema Waya. — Mashimo yote yale ya barabara toka Dar! Igeuzwe.

— Wacha wewe, — akasema Karasha. — Tatizo ni elimu. Hasnain, hiyo mashine ulinunua lini?

— Tisini na mbili.

— Unaona! Violeth kamaliza juzi. Mtoto wa darasa la pili umpe mtihani wa chuo, atausoma?

— Kwa hiyo tuipeleke shule?

— Ipelekwe! Na sare ishonewe.

Safari hii Mama Violeth hakucheka. Alikaa wima, akaitazama ile mashine kama jirani aliyewahi kumsema.

— Kule kwetu waliniambia mtoto wa kike nampotezea muda bure. Leo amesoma mpaka mashine haimwezi.

Nikammiminia kahawa. Karasha akasukuma kashata yake taratibu mpaka ikafika mbele ya mama.

Hapo akafika Luka, mchimbaji kutoka Geita, kununua betri za tochi, vumbi bado liko kwenye kope. Akasikiliza kisa chote.

— Shikamoo, mayu.

— Marahaba, baba.

— Samahanini jamani. Huyo Violeth mwenyewe mmemuuliza?

Waya akaangalia kikombe chake. Karasha akaangalia barabara. Hasnain akaivuta simu ya duka, na Mama Violeth akamtajia namba ya ofisi ya binti yake kwa kichwa.

— Ndiyo... Aina mpya... Yangu ya zamani, ndiyo... Wapi? Humo humo?

Akaweka simu, amejishika kichwa.

— Ameweka na programu ya kuifungulia, ndani ya disketi hiyo hiyo! Alijua kompyuta za huku bado hazijazijua picha za aina hii. Mimi niliona picha nikaikimbilia, sikuangalia kingine.

Akaichukua tena disketi, akaifungua kwanza ile programu, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta kielekee benchi, ili tuone wote. Picha ikawa inashuka mstari kwa mstari: kofia nyeusi, paji la uso, macho. Ilipofika puani ikasimama.

— Imekwama! — akalia Waya.

— Nyamaza, — akasema Mama Violeth. — Inasoma.

Ikashuka. Violeth alikuwa anacheka, lile pengo la meno ya mbele kama la mama yake. Mama Violeth akasimama, akajifunga khanga vizuri, kama mtu anayepokea mgeni.

Honi ya lori ikalia kule stendi. Hakuna aliyemharakisha. Karasha, ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza, alitoka mbio kwenda kumwambia dereva asubiri kidogo.

— Mayu anasoma!